Joe Strummer

Joe Strummer (jina la kuzaliwa: John Graham Mellor, Ankara, Uturuki, 21 Agosti 1952 – Broomfield, Somerset, Uingereza, 22 Desemba 2002) alikuwa mwanamuziki, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya The Clash, iliyodumu kuanzia mwaka 1976 hadi 1986, na baadaye kama kiongozi wa bendi ya The Mescaleros.

Strummer ni mmoja wa watu waliofanya muziki wa panki uwe sauti ya kisiasa. Nyimbo zake zilihusu ukosefu wa ajira, ubaguzi wa rangi, ukatili wa polisi, vita, na tabia ya mataifa makubwa kuingilia mambo ya nchi ndogo. Baada ya kifo chake maisha yake yameandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu, na vyuo vikuu vimeyafanya kuwa somo la utafiti. Mashabiki wake katika nchi nyingi wanaendelea kukusanyika kumkumbuka.

Familia na utoto

Baba yake, Ronald Mellor, alizaliwa Lucknow, India, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Waingereza. Alifanya kazi ya ukarani katika wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, akapanda cheo polepole. Mama yake, Anna Mackenzie, alikuwa muuguzi kutoka Bonar Bridge, eneo la milima kaskazini mwa Uskoti. Walikuwa na watoto wawili wa kiume: David, na John aliyemfuata.

Kwa sababu ya kazi ya baba, familia ilihamahama. Baada ya Ankara waliishi Cairo, Mexico City na Bonn. Hivyo mtoto huyo alizoea kusikia lugha nyingi na muziki wa aina nyingi kabla hajaijua vizuri nchi ya wazazi wake. Alipofikisha umri wa miaka 9, yeye na kaka yake walipelekwa shule ya bweni, City of London Freemen's School, iliyoko Ashtead katika wilaya ya Surrey. Wazazi walirudi ng'ambo, na kwa miaka mingi watoto waliwaona wakati wa likizo tu. Baadaye alieleza kwamba shule ya bweni ilimfundisha kujitegemea, na pia kutowaamini wakubwa.

Kaka yake David alikuwa kijana mkimya sana. Katika ujana wake alijiunga na National Front, chama cha mrengo wa kulia uliokithiri kilichotaka wahamiaji weusi na Waasia wafukuzwe Uingereza. Mwezi Julai 1970 David alijiua. John, ambaye hakuwa ametimiza miaka 18, ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Hakupenda kulizungumzia jambo hilo hadharani, lakini waandishi wengi wa maisha yake wanakubaliana kwamba msiba huo ulimwachia jeraha la kudumu. Miaka minane baadaye mdogo mtu alisimama jukwaani mbele ya maelfu ya watu waliokusanyika kukipinga chama kilekile alichokifuata kaka yake.

Ujana na bendi ya kwanza

Mwaka 1970 aliingia chuo cha sanaa cha Central School of Art and Design mjini London akiwa na nia ya kuwa mchoraji wa vibonzo. Hakumaliza masomo. Kwa muda alipiga muziki katika njia za treni ya chini ya ardhi ya London, akitegemea sarafu za wapita njia. Mwaka 1973 alihamia Newport, Wales, ambako aliishi karibu na wanafunzi wa chuo cha sanaa bila yeye mwenyewe kuwa mwanafunzi. Huko alifanya kazi ya kuchimba makaburi na akaimba katika bendi ndogo iliyoitwa The Vultures. Wakati huo alijiita Woody, kwa heshima ya Woody Guthrie, mwimbaji wa Marekani aliyeimba juu ya maskini na wafanyakazi.

Mwaka 1974 alirudi London. Sehemu za magharibi za jiji zilikuwa na nyumba nyingi zilizoachwa zikisubiri kubomolewa, na vijana wasio na kodi ya kulipa walizivamia na kuishi humo. Yeye na wenzake waliishi katika nyumba namba 101 ya barabara ya Walterton, na bendi waliyounda wakaiita The 101ers kutokana na namba hiyo. Walipiga muziki wa roki wa kale katika baa za mitaani. Mwaka 1975 alibadili jina tena na kujiita Joe Strummer. Neno hilo la Kiingereza humtaja mtu anayezipiga nyuzi zote za gitaa kwa pamoja, naye alilichagua kwa kujitania, kwa sababu hakujiona fundi wa kupiga uzi mmoja mmoja. Kwa asili alitumia mkono wa kushoto, lakini alijifunza gitaa kwa mtindo wa watu wa mkono wa kulia. Mwaka huohuo alikubali kufunga ndoa na mwanamke kutoka Afrika Kusini ili mwanamke huyo aweze kubaki Uingereza. Fedha alizolipwa alizitumia kununua gitaa la aina ya Fender Telecaster ambalo alikaa nalo maisha yake yote.

Kuanzishwa kwa The Clash

Tarehe 3 Aprili 1976 The 101ers walipiga katika ukumbi wa Nashville Rooms, London, na bendi iliyowatangulia jukwaani ilikuwa Sex Pistols. Strummer aliona mara moja kwamba muziki wake umepitwa na wakati. Vijana wale walipiga kwa kasi na hasira, bila kumbembeleza msikilizaji. Muda mfupi baadaye Bernie Rhodes, aliyekuwa akitafuta mwimbaji wa bendi mpya, alimwalika ajiunge na Mick Jones (gitaa) na Paul Simonon (gitaa la besi). Strummer aliiacha The 101ers. Bendi mpya, The Clash, ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Sheffield tarehe 4 Julai 1976.

Panki ulikuwa muziki wa roki uliorahisishwa makusudi: nyimbo fupi, mapigo ya haraka, koo na vifungo vichache vya gitaa. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba mtu yeyote anaweza kuunda bendi, kuchapisha kijarida au kushona nguo zake mwenyewe bila kusubiri ruhusa ya makampuni. Uingereza ya wakati huo ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi. Bei zilipanda, viwanda vilifungwa, na vijana wengi walimaliza shule bila matumaini ya kazi.

Mwishoni mwa Agosti 1976 Strummer na Simonon walikuwapo katika kanivali ya Notting Hill, sherehe ya watu wenye asili ya Karibi, wakati ghasia zilipozuka kati ya vijana weusi na polisi. Kutokana na tukio hilo Strummer aliandika wimbo White Riot. Maana yake ilikuwa kuwahimiza vijana weupe nao wasimame kudai haki zao kama wenzao weusi walivyofanya. Hata hivyo baadhi ya wasikilizaji waliusikia jina tu na kuudhania wimbo wa wabaguzi, na bendi ililazimika kueleza maana hiyo mara nyingi.

Mwezi Januari 1977 The Clash walitia sahihi mkataba na kampuni ya CBS kwa pauni 100,000. Wapo mashabiki wa mwanzo waliouona mkataba huo kuwa usaliti. Albamu ya kwanza, The Clash, ilitoka Aprili 1977. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa rege Police and Thieves wa Mjamaika Junior Murvin, uliopigwa kwa mtindo wa panki. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake, kwa kuwa bendi ya vijana weupe ilikiri waziwazi kwamba ilijifunza kutoka kwa majirani zake weusi.

Mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi

Mwezi Agosti 1976 mpiga gitaa maarufu Eric Clapton alitoa maneno ya kibaguzi dhidi ya wahamiaji akiwa jukwaani mjini Birmingham. Kama jibu, wanaharakati walianzisha harakati iliyoitwa Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi. Harakati hiyo iliandaa maonyesho ambamo bendi za panki na bendi za rege zilipiga pamoja, ili vijana weupe na weusi wakutane katika ukumbi mmoja.

Tukio lake kubwa lilifanyika London tarehe 30 Aprili 1978. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa jiji, eneo ambalo National Front walikuwa wakitafuta kura. The Clash walipiga pamoja na Steel Pulse, X-Ray Spex na Tom Robinson Band. Kijana mmoja aliyekuwamo katika umati huo, Billy Bragg, baadaye akawa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za kisiasa, na ameeleza mara nyingi kwamba siku hiyo ndiyo iliyobadili mwelekeo wa maisha yake. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1979 National Front waliweka wagombea zaidi ya 300, na hakuna hata mmoja aliyeshinda. Wanahistoria bado wanajadili ni kwa kiasi gani muziki ulichangia matokeo hayo, kwa sababu yapo mambo mengine pia. Mojawapo ni kwamba chama cha Conservative kilikuwa kimejitangaza kuwa kikali dhidi ya uhamiaji, kikawavuta baadhi ya wapiga kura wa National Front.

Mwaka huohuo 1978 Strummer aliandika (White Man) In Hammersmith Palais, wimbo unaohesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Unaeleza hali ya mtu mweupe aliyekwenda kwenye onyesho la rege na kujikuta mgeni, kisha unawakosoa wanamuziki wa panki wanaogombania umaarufu wakati chuki inaenea nchini. Ndani yake Strummer hajitoi katika lawama. Yeye mwenyewe ndiye mtazamaji anayejiuliza kama muziki wake una faida yoyote.

Kutoka London hadi ulimwenguni

Albamu ya London Calling ilitoka Uingereza Desemba 1979. Ilikuwa na santuri mbili, lakini bendi ilisisitiza iuzwe kwa bei ya santuri moja. Jina lake lilitokana na maneno ya utambulisho yaliyotumiwa na BBC katika matangazo yake ya ng'ambo, ambayo Strummer aliyajua tangu utoto wake nje ya Uingereza. Wimbo wenye jina hilo unataja mafuriko, njaa na ajali ya nyuklia, hofu zilizokuwa midomoni mwa watu baada ya ajali ya mtambo wa Three Mile Island nchini Marekani mwaka huo. Wimbo mwingine, Spanish Bombs, unakumbuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania na mshairi Federico García Lorca aliyeuawa mwaka 1936. Gazeti la Marekani la Rolling Stone liliitaja London Calling kuwa albamu bora ya miaka ya 1980, kwa kuwa huko ilitoka Januari 1980.

Desemba 1980 ilifuata Sandinista!, albamu ya santuri tatu yenye nyimbo 36. Jina lilitoka kwa harakati iliyoipindua serikali ya Somoza nchini Nicaragua mwaka 1979, na hata namba ya santuri ilikuwa FSLN1, kifupi cha jina la harakati hiyo. Ili iuzwe kwa bei nafuu, bendi ilikubali kuacha mirabaha ya nakala 200,000 za kwanza nchini Uingereza. Wimbo Washington Bullets unailaumu Marekani kwa matendo yake Chile, Kuba na Nicaragua, lakini hauishii hapo, kwani unawataja pia Warusi huko Afghanistan na Wachina huko Tibet. Wachambuzi wengi hutumia mfano huo kuonyesha kwamba Strummer hakuwa msemaji wa upande mmoja wa vita baridi.

Combat Rock ya mwaka 1982 iliwapa umaarufu mkubwa kuliko zote. Rock the Casbah, ambao muziki wake ulitungwa na mpiga ngoma Topper Headon, ulifika nafasi ya 8 nchini Marekani. Straight to Hell unasimulia habari za watu waliotupwa, wakiwemo watoto waliozaliwa na askari wa Kimarekani nchini Vietnam kisha wakaachwa, wafanyakazi waliopoteza kazi katika miji ya viwanda ya Uingereza, na wahamiaji wasiotakiwa.

Katika miaka hiyo bendi ilijulikana pia kwa namna ilivyowatendea mashabiki. Vijana waliosafiri mbali bila nauli ya kurudi waliingizwa kupitia mlango wa nyuma, na mara nyingi walilala sakafuni katika vyumba vya hoteli vya wanamuziki. Tabia hiyo ndiyo chanzo cha uhusiano wa pekee kati ya Strummer na wapenzi wa muziki wake.

Migogoro na kuvunjika kwa bendi

Mafanikio yalileta matatizo. Mwaka 1980 mjini Hamburg, Strummer alimpiga mtazamaji kwa gitaa wakati wa vurugu ukumbini na akakamatwa na polisi. Alisema baadaye kwamba tukio hilo lilimfanya afikiri upya juu ya hasira aliyokuwa akiichochea. Mwaka 1982 Headon aliondolewa kwa sababu ya uraibu wa heroini. Mwaka 1983 Mick Jones, mwenzake katika utunzi, alifukuzwa. Strummer aliendelea na wanamuziki wapya. Mwezi Desemba 1984 walipiga London kuwachangia wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa katika mgomo mrefu, na mwaka 1985 walizunguka miji ya Uingereza wakipiga barabarani bila vipaza sauti. Lakini albamu ya Cut the Crap iliyotoka mwaka huo haikupokewa vizuri, na mwanzoni mwa 1986 The Clash ilikwisha.

Strummer alikiri hadharani kwamba kumfukuza Jones lilikuwa kosa. Alisafiri hadi Bahamas kumwomba waungane tena. Jones, aliyekwisha kuunda Big Audio Dynamite, alikataa kuirudisha bendi lakini hakukataa urafiki. Mwaka 1986 wawili hao walifanya kazi pamoja katika albamu ya pili ya Big Audio Dynamite.

Miaka ya kati

Kwa zaidi ya miaka 10 Strummer hakuwa na bendi yake ya kudumu. Aliigiza katika filamu, zikiwemo Straight to Hell (1987) ya Alex Cox na Mystery Train (1989) ya Jim Jarmusch. Aliandika muziki wa filamu Walker (1987), iliyopigwa picha Nicaragua. Albamu yake binafsi, Earthquake Weather (1989), iliuzwa kidogo sana. Alijaza nafasi katika bendi ya The Pogues, kwanza kama mpiga gitaa, kisha kama mwimbaji.

Alikaa pia Hispania, hasa Granada na pwani ya Almería, ambako alishirikiana na bendi ya huko iitwayo 091. Alikwenda hata Víznar, mahali Lorca alipouawa, akilitafuta kaburi la mshairi huyo ambalo halijulikani lilipo.

Mwaka 1991 Should I Stay or Should I Go, wimbo wa zamani wa The Clash, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza baada ya kutumiwa katika tangazo la suruali za Levi's. Katika mwaka huohuo wa vita vya Ghuba ilisimuliwa kwamba askari wa Kimarekani waliandika jina la Rock the Casbah juu ya bomu. Wimbo huo ulikuwa umetungwa kumdhihaki mtawala anayepiga marufuku muziki, na marafiki wa Strummer wanasema habari hiyo ilimwumiza sana.

The Mescaleros na kurudi jukwaani

Katikati ya miaka ya 1990 Strummer alianza kuhudhuria tamasha la Glastonbury na kuwasha moto mkubwa kila usiku. Watu wa kila aina, wenye majina na wasio na majina, waliketi kuuzunguka wakiimba na kuzungumza hadi alfajiri. Aliuona mkusanyiko huo kuwa na thamani sawa na onyesho la jukwaani.

Mwaka 1999 alitoa Rock Art and the X-Ray Style akiwa na bendi mpya, The Mescaleros, ikafuatiwa na Global a Go-Go mwaka 2001. Muziki huu ulichanganya roki, rege, na midundo ya Afrika, Amerika Kusini na Asia. Katika miaka hiyohiyo aliendesha kipindi katika Idhaa ya Dunia ya BBC, akiwapigia wasikilizaji wa nchi nyingi santuri za mabara yote. Aliunga mkono pia mpango wa kupanda miti ili kupunguza madhara ya hewa ya ukaa inayotokana na utengenezaji na usafirishaji wa santuri.

Tarehe 15 Novemba 2002 alipiga katika ukumbi wa Acton Town Hall, London, kuwachangia wazimamoto waliokuwa katika mgomo wa kudai mishahara. Mick Jones alikuwa miongoni mwa watazamaji. Bila kupangwa alipanda jukwaani, na wawili hao walipiga nyimbo 3 za The Clash. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusimama pamoja jukwaani tangu 1983, na pia mara yao ya mwisho.

Kifo

Strummer alifariki ghafla nyumbani kwake Broomfield tarehe 22 Desemba 2002, akiwa na umri wa miaka 50. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo ambayo haikuwahi kugunduliwa. Aliacha mke, Lucinda, na mabinti wawili wa uhusiano wake wa awali. Katika mazishi yake mjini London wazimamoto walijipanga kumpa heshima, wakikumbuka msaada wake wa wiki chache kabla.

Miezi michache baadaye The Clash waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame nchini Marekani. Albamu ya mwisho, Streetcore, ilikamilishwa na wenzake na kutolewa Oktoba 2003. Wimbo mmoja alioshiriki kuutunga pamoja na Bono na Dave Stewart uliimbwa Cape Town tarehe 29 Novemba 2003, katika onyesho la kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya UKIMWI iliyoitwa 46664 kwa namba ya Mandela gerezani.

Mabishano kuhusu siasa zake

Tangu mwanzo magazeti yalimkejeli Strummer kama mtoto wa balozi anayejifanya maskini. Kweli ni kwamba baba yake hakuwa balozi, lakini ni kweli pia kwamba mwana alisoma shule ya kulipia. Wengine waliuliza inawezekanaje kuulaani ubepari kupitia santuri za kampuni kubwa ya Marekani. Katika Victoria Park mwaka 1978 alivaa fulana yenye jina la Red Brigades, kundi la Italia lililokuwa limemteka mwanasiasa Aldo Moro na ambalo lilimwua siku chache baadaye. Kitendo hicho kinakosolewa hadi leo kama mchezo na jambo la hatari. Watetezi wake wanaonyesha kwamba alibadilika. Katika miaka ya baadaye aliacha sifa za wapiganaji wa msituni na kuweka mkazo katika utu, usikivu na mshikamano wa watu wa kawaida.

Urithi

Wanamuziki wengi wanamtaja Strummer kuwa mwalimu wao, wakiwemo Billy Bragg, Tom Morello wa Rage Against the Machine, na bendi za Rancid na Green Day. Rachid Taha, mwimbaji aliyezaliwa Algeria na kuishi Ufaransa, alirekodi Rock the Casbah kwa Kiarabu mwaka 2004. Straight to Hell ulitumiwa kama msingi wa Paper Planes, wimbo wa M.I.A., Mwingereza mwenye asili ya Sri Lanka, unaohusu pia wahamiaji.

Kumbukumbu zake ni za namna nyingi. Mwaka 2003 familia na marafiki walianzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wachanga wasio na uwezo, ambao sasa huitwa Joe Strummer Foundation. Mwaka 2005 injini ya treni ya Uingereza ilipewa jina lake, na mwaka 2013 mji wa Granada ulifungua uwanja uitwao Plaza Joe Strummer. Mjini New York picha yake ya ukutani katika eneo la East Village iliharibiwa wakati wa ukarabati, nayo ikachorwa upya. Katika kisiwa cha Skye, Uskoti, ulipandwa msitu wa kumkumbuka. Wanasayansi nao walimpa jina lake konokono wa bahari kuu, Alviniconcha strummeri, mwenye gamba lenye miiba linalofanana na nywele za vijana wa panki, anayeishi kwenye matundu ya maji ya moto sakafuni mwa bahari.

Utafiti juu yake umekua mwaka hadi mwaka. Chris Salewicz alitoa wasifu mrefu, Redemption Song, mwaka 2006, na Julien Temple akatengeneza filamu ya Joe Strummer: The Future Is Unwritten mwaka 2007. Antonino D'Ambrosio alikusanya insha kuhusu siasa zake katika Let Fury Have the Hour (2004). Barry J. Faulk na Brady Harrison walihariri kitabu cha kitaaluma, Punk Rock Warlord (2014), na mwaka 2022 Gregor Gall, mtaalamu wa mahusiano ya kazi, alichapisha kitabu kinachochunguza fikra zake za kisiasa na athari zake kwa mashabiki. Watafiti hawa hawaulizi tu nyimbo zilisema nini, bali pia ziliwatendea nini waliozisikia. Wapo waliojiunga na vyama vya wafanyakazi, waliosoma historia ya Hispania au Nicaragua kwa mara ya kwanza, au waliobadili msimamo wao kuhusu rangi.

Mashabiki wenyewe wamekuwa watunzaji wa historia hiyo. Wanabadilishana kanda za maonyesho, tiketi na picha, na kila Desemba bendi za miji mingi hufanya maonyesho ya kumkumbuka na kuchangia misaada. Tangu mwaka 2013 kituo cha redio cha KEXP cha Seattle, Marekani, huadhimisha siku ya kimataifa ya The Clash mwezi Februari, na vituo vya nchi nyingine vimejiunga. Desturi ya kuwasha moto usiku huko Glastonbury nayo iliendelezwa na marafiki zake, na watu waliokuwa hawajazaliwa The Clash ilipovunjika wameketi kando ya moto huo.

Albamu

Akiwa na The Clash
- The Clash (1977)
- Give 'Em Enough Rope (1978)
- London Calling (1979)
- Sandinista! (1980)
- Combat Rock (1982)
- Cut the Crap (1985)

Peke yake
- Walker (1987, muziki wa filamu)
- Earthquake Weather (1989)

Akiwa na The Mescaleros
- Rock Art and the X-Ray Style (1999)
- Global a Go-Go (2001)
- Streetcore (2003, baada ya kifo chake)